Foleni ya Chumvi Njiani Kwenda Kanazi

Tangu nirudi bwenini hamjaniacha nipumue. Kila anayeingia chumbani anaanza na lile lile: "Zuhura, tusimulie Kagera." Nikianza kusimulia mnanikatiza, mnataka mizinga na ndege za adui. Mizinga sikuisikia. Vita vilikuwa kaskazini ya mkoa, mimi nilikuwa kule kusini kwenye matope, nagombana na watu ambao hawakuwa na habari na ugomvi wangu. Sasa nimeamua kuyaandika yote mara moja. Mwenye kutaka asome, na atakayeniuliza tena nitamrushia kiatu. Habari za vibali na mihuri naziruka. Nikizikumbuka kichwa kinaniuma.

Reli hadi Mwanza

Mnakumbuka chanzo chake. Muhula mzima mhadhiri wetu alitufundisha jinsi nchi tajiri zinavyonunua kahawa yetu kwa bei ya kutupa, kisha zinatuuzia matrekta kwa bei ya kuua. Sote tuliandika, sote tulikasirika pale ilipopasa kukasirika. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza: "Na ndani ya kijiji kimoja cha ujamaa, je? Mle wote wako sawa?" Akavua miwani, akanitazama, akasema, "Swali zuri. Nenda ukaangalie." Hiyo ndiyo tuzo ya swali zuri. Mwenzangu aliyenyamaza alipangiwa Bagamoyo.

Mimi nikapewa Kanazi, wilaya ya Ngara, ambako mzaliwa wa Muheza kama mimi hana shangazi wala binamu.

Treni iliondoka Dar es Salaam kwa madaha, na kuanzia Morogoro ikawa inasimama kila ilipojisikia. Kila mara tulielezwa kuwa tunapisha treni ya askari. Wa kupishwa walistahili, sikatai. Lakini tulikuwa tunasimama porini, jua limetuwakia utosini, na treni ya kupishwa haionekani hata moshi. Pale Tabora tulikaa mpaka abiria wakateremka wakaanza kupika kando ya reli. Nilinunua asali, ikamwagika ndani ya mkoba, ikalowesha soksi zangu zote. Kutoka Tabora hadi Mwanza nilisafiri na nyuki.

Mbele yangu alikaa bwana mmoja mnene, fundi cherehani wa Shinyanga, akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia uchumi wa maendeleo. Uso ukamng'aa.

"Alhamdulillahi! Basi wewe utatuambia. Sukari itarudi lini madukani?"

"Mzee wangu, sijui."

"Unasoma uchumi na hujui sukari iko wapi?"

"Tunasoma kwa nini haipo."

"Aa," akasema, akawageukia wenzake. "Wanasoma kwa nini haipo." Behewa zima likacheka. Tangu hapo hadi mwisho wa safari, kila niliyemtajia masomo yangu aliniuliza ama sukari ama sabuni. Mwisho nikawa nasema nasomea ushonaji.

Mwanza hadi Biharamulo

Mwanza watu walikuwa wamechimba mahandaki kwenye nyua zao, na mvua ilikuwa imeyajaza maji. Mwenye nyumba ya wageni alinionyesha la kwake kwa fahari, vyura wanaimba ndani. "Ndege ikija, unaruka humu," akasema. Nikamwambia ndege ikija nitabaki kitandani.

Mabasi hayakuwapo. Yalichukuliwa kubeba askari, na yaliyobaki yalikuwa juu ya mawe hayana matairi. Nilivuka ziwa kwa kivuko nikiwa nimesimama kati ya ng'ombe wa mchango wa vita, wanyama wapole kuliko abiria. Kutoka ng'ambo nilipanda lori la mbao hadi Geita, na kutoka Geita lori la mafuta ya taa. Nilifika Biharamulo nikinuka kiasi kwamba mama muuza ugali aliniomba nikae mbali na moto wake.

Pale Biharamulo ndipo nilipojifunza maana ya neno "kesho". Kila asubuhi nilikwenda kusimama njia panda na mkoba wangu, na kila asubuhi wazee waliokaa kibarazani waliniambia gari la Ngara litapita kesho. Nilikula ugali wa muhogo na dagaa mpaka nikaanza kuwaota dagaa. Hatimaye likaja lori la chumvi, na dereva wake, Msukuma mmoja mrefu aitwaye Masalu, akasema anakwenda Ngara.

"Moja kwa moja?" nikauliza.

"Moja kwa moja," akajibu.

Tulipokwisha kutoka mjini ndipo aliponieleza kuwa kwanza tunapitia Nyabusozi, halafu tunaiacha barabara kuu kushusha chumvi Nyantakara, na baada ya hapo, sasa, moja kwa moja.

Kati yetu pale mbele alikaa mama mmoja mfupi, mnene wa mabega, na jembe jipya lisilo na mpini limelala mapajani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeolewa?"

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Mama Speransia. Alitoka Burundi na mume na mtoto miaka ile watu walipokuwa wanakimbia kuuawa. Mume akafia Nyantakara, yeye akabaki pale, akalima, akapanda migomba. Alizungumza mfululizo, mara Kiswahili mara Kirundi, na alipochoka kuzungumza alilala begani kwangu na jembe likanichoma ubavuni. Alikuwa anatoka wilayani kuulizia habari za mwanawe Yeremia, aliyeingia mgambo na kupelekwa mbele.

"Wamekuambiaje?" nikamwuliza.

"Wamesema niende nyumbani nikasikilize redio." Akaligeuza jembe mapajani. "Redio ninayo wapi?"

Nyabusozi

Springi ya lori ilivunjika Nyabusozi. Masalu akalala chini ya gari kwenye tope, jeki ikawa inazama kila akiipandisha. Akaomba kitu kigumu cha kuweka chini yake. Nilikuwa na kitabu, kile kinene cha biashara ya dunia ambacho sote tumekibeba mwaka mzima, na sikuwa nimekifungua tangu Dodoma. Akakiweka chini ya jeki. Lori likapanda. Lazima niseme, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona kitabu kile kinainua kitu chochote.

Springi ilihitaji kuchomelewa, kwa hiyo tulilala pale kwa Mzee Anselmi na mkewe, watu wa makamo, Wasubi, wenye nyumba safi ya udongo na kuku mmoja mkubwa mweupe aliyekuwa akizunguka uani kama mwenye kiwanja. Asubuhi yake nikataka kuandika niliyoyaona njiani. Kalamu yangu ilikuwa imeingia asali. Nikamwendea mama wa nyumba jikoni.

"Samahani, mama. Naomba kalamu."

Akaacha kukoroga. "Karamu?"

"Ndiyo, kalamu. Hata ndogo, si lazima iwe nzuri."

"Leo?"

"Kama ipo, leo. Nina kazi nayo."

Alitoka akaenda kumwita mumewe nyuma ya nyumba. Niliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, kwa lugha yao, muda mrefu kuliko kalamu inavyostahili. Nikafikiri wanaitafuta. Kisha mzee akaja, akanitazama kwa huzuni ya heshima, akasema, "Sawa, mgeni wetu. Itapatikana, lakini ngoja kidogo."

Nikangoja. Nikaona jirani anakuja na mkungu wa ndizi. Mwingine akaja na kibuyu cha pombe ya ndizi. Wakaja wazee wawili wamevaa makoti. Mama Speransia akatoka ndani amejifunga kitambaa kipya kichwani, macho yanameta. "Kumbe we ni mtu mkubwa," akaninong'oneza, "umeagiza karamu!"

Nikatazama uani. Yule kuku hakuwapo.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Nilisimama nikaeleza, nikaonyesha kwa vidole namna ya kuandika, nikasema kalamu, ka-la-mu, ya wino. Kule nako l na r hazina mpaka, na mimi kwa Kiswahili changu cha pwani sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Mzee Anselmi alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini na machozi yakamtoka. Wale wazee wa makoti wakacheka. Masalu alicheka hadi akapaliwa.

Mama wa nyumba hakucheka. Kuku yule alikuwa wa mchango. Kila nyumba ilitakiwa kutoa kitu kwa ajili ya askari, na wao walikuwa wamemweka yule. Alinijazia sahani, akaniwekea mapaja yote mawili.

"Mama, siwezi kula hii. Nisamehe."

"Kula," akasema. "Kuku ameshakufa."

Nikala. Kwa ajili ya mchango walitafuta kingine, nasikia ni mbuzi mdogo. Na kalamu, mtaniuliza? Haikuwapo nyumba nzima.

Nyantakara

Nyantakara tuliingia mchana, mvua imekatika. Mtu alipiga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na kabla Masalu hajazima injini wanawake walikuwa wamejaa mbele ya duka la kijiji na masufuria, vibuyu na vitambaa. Chumvi ilikuwa haijaonekana tangu vita vianze. Magunia yakashushwa, yakapangwa ndani, na foleni ikajipanga yenyewe. Sikuwahi kuona foleni inayojijua namna ile.

Mbele walisimama wake za wajumbe wa kamati. Nyuma yao wenyeji. Na mwisho kabisa, mbali na wengine kwa hatua chache ambazo hakuna aliyewaambia waziache, kundi la wanawake waliokuja kutoka Burundi. Mama Speransia alishuka garini, akampita kila mtu, akaenda kusimama kule nyuma bila kutazama kushoto wala kulia, jembe lake begani. Yeye aliyekuwa hanyamazi.

Mwuza duka akapima. Waliotangulia walipimiwa kwa kopo, wakapimiwa tena. Waliofuata kopo moja. Foleni ilipofika kwa wale wa mwisho, mlango ukafungwa.

"Imekwisha," akasema mwuza duka.

Wanawake wale wakaanza kuondoka, na hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo lililonipandisha hasira, kuliko mlango wenyewe. Kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa duka, penye dirisha, na ndani nilikuwa naona magunia hayajafunguliwa.

Nikauliza. Nyie mnanijua. Nikauliza kwa sauti yangu hii hii: "Samahani, ndugu. Nani anayepanga nani aanze? Na yale magunia kule ndani ni ya nani?"

Akatoka mtu wa miaka hamsini hivi, kofia ya kitambaa kichwani, mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Petro.

"Wewe ni nani?"

"Mwanafunzi wa chuo kikuu. Nasomea uchumi wa maendeleo."

"Maendeleo ya nani?"

Jibu lake hadi leo nalitafuta.

"Unauliza chakula cha kijiji kiko wapi," akasema polepole, ili wote wasikie. "Unauliza kiasi gani kimebaki. Wakati wa vita. Na Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

"Tanga."

"Hata hao tunaopigana nao wana Kiswahili."

Basi nikawa jasusi. Kamanda wa mgambo aliitwa, kijana mwenye bunduki ya mti, wakanipeleka ofisi ya kijiji. Masalu alijaribu kunitetea, akaambiwa lori lake linatakiwa kupeleka chakula cha askari na aondoke sasa hivi. Aliniteremshia mkoba wangu na kile kitabu chenye tope. "Ndugu mwanafunzi," akasema, "mambo mengine mtu anayaona tu." Akaondoka na safari yangu.

Walinihoji. Nani kakutuma, unaandika nini, mbona huna hata kalamu. Mwanafunzi gani hana kalamu? Nikaanza kueleza habari ya asali, nikaona inavyosikika, nikaacha.

Hapo mlango ukafunguliwa na Mama Speransia akaingia bila kuitwa, miguu imejaa tope hadi magotini.

"Mwacheni huyo. Ni mkwe wangu."

Ndugu Petro akasimama. "Mkwe wako tangu lini?"

"Anaolewa na Yeremia. Akirudi vitani."

Nilimtazama. Alinitazama kwa jicho ambalo hata aliye chuo kikuu analielewa. Nikainamisha kichwa kama mchumba.

Kamanda akanigeukia. "Mahari?"

Sasa, mimi nilikuwa nimeshaungua Nyabusozi. Nikajiambia, aha, hapa r ni l, huyu anauliza mahali. "Kanazi," nikajibu kwa ushupavu.

Na papo hapo Mama Speransia akasema, "Ng'ombe wanne."

Kamanda akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Ng'ombe wanne wako Kanazi?"

"Ndiyo," tukasema pamoja.

"Speransia," akasema Ndugu Petro, "wewe hujawahi kumiliki hata mkia wa ng'ombe."

Tukafungiwa wote wawili katika ghala la pamba.

Nilikuwa na hasira naye, na yeye alikuwa na hasira nami zaidi. Nilimwuliza kwa nini alidanganya kitu ambacho kijiji kizima kinajua si kweli.

"Ningesema nini? Kwamba nimekuona garini? Wangenisikiliza?" Akakaa juu ya gunia, akaanza kukwangua tope miguuni kwa kijiti. "Ulisimama pale kama mbuzi aliyeachwa na wenzake. Nikasema, wana wa watu wanapotea hivi hivi."

"Watakufanya nini?"

"Wewe watakurudisha kwenu, ukapumzike. Mimi wakisema niondoke, naondoka niende wapi? Migomba yangu imeanza kuzaa." Halafu kwa ukali, "Na hilo swali lako! Unadhani sisi hatuyaoni magunia?"

Ghala la pamba lina joto na lina viroboto. Hayo ndiyo nitakayosema juu ya malazi.

Gari la katibu tarafa

Siku iliyofuata alikuja katibu tarafa kwa Landrova kukagua michango. Alikuwa mtu aliyechoka, macho mekundu, koti limelowa. Alisikiliza habari ya jasusi hadi mwisho, kisha akauliza, "Jasusi gani anauliza kwa sauti mbele ya foleni nzima?" Akazungumza nami kidogo, akaniuliza habari za chuo, akaridhika. Akasema anakwenda Ngara kuonana na wenzake, nafasi moja ipo, nipande tuondoke kabla mto haujajaa.

Nilikuwa nimelitamani gari la Ngara kuliko ninavyotamani pepo. Nikaweka mkoba ndani. Mguu mmoja ulikuwa umeshapanda.

Nikamsikia Ndugu Petro akisema, "Na huyu mwingine apelekwe wilayani. Amedanganya uongozi wakati wa vita, na ni mgeni. Kijiji hakimtaki."

Mama Speransia alisimama mlangoni mwa ghala, nyuzi za pamba kwenye nywele.

Nikauteremsha mguu. "Basi nami sipandi."

Katibu tarafa akafumba macho. "Binti. Nina vita. Nina mvua. Nina dereva mwenye homa. Panda."

"Amedanganya kwa ajili yangu. Akipelekwa, na mimi napelekwa."

"Hujui unachokisema."

"Najua kuwa sipandi."

Msidhani nilikuwa shujaa. Moyoni nilikuwa namlaani yule mama na uongo wake, na Ndugu Petro, na mhadhiri na miwani yake. Watu walikuwa wamekusanyika. Ndugu Petro alianza kupaza sauti kuhusu wageni wanaokula jasho la wenyeji.

Hapo ndipo Mama Speransia aliposema. Hakupaza sauti.

"Yeremia mlipomchukua, mliuliza kama ni mgeni?"

Ndugu Petro akavua kofia, akaivaa tena.

"Mlikuja kwangu asubuhi. Mkasema kijiji kinatakiwa kutoa vijana. Mkasema, Speransia, wako ana nguvu. Hamkusema, Speransia, wako ni wa mwisho, asubiri wa wenyeji waishe kwanza. Siku hiyo alikuwa wa kwanza kwenye foleni."

Katibu tarafa akamgeukia mwenyekiti. "Mwanawe yuko vitani?"

Ndugu Petro alikuwa anatazama viatu vyake. "Yuko."

"Hukuniambia." Akafuta uso kwa kiganja. "Mwache aende nyumbani kwake. Nisisikie tena habari ya kumpeleka popote."

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. "Na chumvi?" nikauliza.

"Binti," akasema katibu tarafa, "swali hilo kaliulize chuoni. Panda gari!"

Nilikwenda kumuaga Mama Speransia. Nilitarajia nini, sijui, labda anikumbatie. Alinipa mkono kama anayenirudishia kitu changu.

"Sasa chumvi, hata ikija tena, nitaisikia kwa majirani," akasema. "Nenda, Mungu akufikishe. Na ukirudi, urudi bila swali."

Kanazi

Kanazi nilifika. Ni pazuri, vilima na migomba na ukungu wa asubuhi, na baridi ambayo hakuna aliyenionya nayo. Walinipokea kwa maharage, ndizi na adabu nyingi, na hakuna hata mmoja aliyenijibu ukweli.

Siwalaumu. Habari zilikuwa zimenitangulia kuwa kuna binti wa serikali anayepita nyumba kwa nyumba kuhesabu mali kwa ajili ya michango. Nikikaribia boma, nasikia ng'ombe wanaswagwa kwenda nyuma ya kilima. Nikiuliza una mbuzi, wanasema walikufa. Na mbuzi anasikika analia chumbani. Bwana mmoja mwenye shamba la kahawa lisiloonekana mwisho alinipokea amevaa shati lililochanika, na mkewe akasahau, akaja kutusalimu na kitenge kipya. Wiki kadhaa nilipanda na kushuka vilima vile. Kwa mujibu wa utafiti wangu, Kanazi imefikia usawa kamili: hakuna mwenye kitu.

Niliwaeleza kuwa mimi ni mwanafunzi tu. Wakaniuliza sukari itarudi lini.

Kurudi

Nilikuwa bado Kanazi redio ilipotangaza kuwa mji mkuu wa adui umeanguka. Watu walipiga ngoma, na ng'ombe wakarudi kutoka nyuma ya kilima.

Masika yalipokuwa yanaisha nilipata lori la kurudi Biharamulo, na nikamsihi dereva apitie Nyantakara. Alilalamika njia nzima. Alinipa muda wa yeye kubadilisha tairi, basi.

Mama Speransia nilimkuta uani anapepeta maharage. Kwenye kiti cha kukunja, kivulini mwa nyumba, alikaa kijana mwenye mabega kama ya mama yake. Suruali ya kijani, mguu mmoja umekunjwa na kufungwa kwa pini chini ya goti, kwa sababu chini ya goti hapakuwa na kitu. Alikanyaga bomu lililofukiwa njiani. Aliletwa nyumbani kwa gari, na kijiji kizima kilitoka kumpokea kwa nyimbo. Ndugu Petro mwenyewe alihutubia.

"Yeremia, huyu ndiye yule," mama yake akasema. Kijana akanipa mkono, akatabasamu kidogo, akarudi kutazama njia.

Mama Speransia akanishika mkono akaniingiza ndani. Penye kona, juu ya mawe mawili ili lisipate unyevu, lilisimama gunia la chumvi, halijafika hata nusu.

"Wamenipa," akasema. "Na foleni ikija nasimama mbele. Pamoja na mke wa mwenyekiti. Mbele kabisa."

Nilifurahi, kisha sikufurahi. Nilijua nimeambiwa nirudi bila swali. Nikauliza, "Na wenzako? Wale mliosimama nao nyuma?"

Alifunga mdomo wa gunia, akaukaza kamba, akaukaza tena.

"Wenzangu nao wana watoto wa kiume," akasema.

Hakunitazama alipolisema. Alitoka akaenda jikoni, na nikasikia anapakua. Nje yule dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi. Mama Speransia akasema hata kama honi itapasuka, mgeni haondoki kwake na njaa. Akatuwekea maharage, mimi na Yeremia, sahani moja kubwa kati yetu, na ndizi kando.

Nilitia tonge mdomoni. Alikuwa ametia chumvi kiasi ambacho sijawahi kuonja, kiasi cha nyumba kumi, ulimi ukawaka na macho yakanijaa maji. Nikamtazama Yeremia. Alikuwa anakula taratibu, kichwa ameinamisha. Mama yake alisimama mbele yetu, mikono imefungwa kwenye upindo wa kanga, anangoja kuona kama tumependa.

Tukala. Tukamaliza sahani yote, na Yeremia akapangusa iliyobaki kwa kipande cha ndizi.

Kisha nikaaga, nikapanda lori, nikaomba maji kwa dereva, nikanywa njia nzima hadi Biharamulo.